Kuhesabu manowari: jeshi la bahari la Uingereza tangu 1805

Mtu asomaye historia hupenda hesabu, kwani hesabu yaonekana haina uongo. Akikuta katika kitabu kwamba inchi fulani ilikuwa na manowari 60, na adui yake manowari 30, mara moja hujiambia: ya kwanza ilikuwa na nguvu mara mbili. Lakini hesabu ni kama shahidi mbele ya mwamuzi: yaweza kuwa ya kweli kabisa, walakini inajibu tu swali ililoulizwa. Sharti mwamuzi ajue kuuliza.

Katika kurasa hizi twataka kufuata jeshi moja la bahari, lile la Uingereza, kwa muda wa miaka mia mbili na zaidi. Twalichagua kwa sababu tatu. Kwanza, kwa zaidi ya miaka mia lilikuwa kubwa kuliko majeshi yote ya bahari. Pili, hesabu zake zajulikana wazi, kwa kuwa Bunge lilitoa feza kila mwaka na kutaka kujua zimetumiwa namna gani. Tatu, mkono wake ulifika hata kwetu, pwani ya Zanzibar na katika ziwa Tanganyika. Kila mara tutauliza maswali matatu: Manowari ngapi? Za namna gani? Za kufanya kazi gani? Tutaona kwamba swali la kwanza, likiachwa peke yake, limewadanganya hata wakubwa wenye akili, tena feza za maskini ndizo zililipa kosa lao.

I. Wakati wa mbao na matanga

Tarehe 21 Oktoba 1805, karibu na rasi ya Trafalgar katika Hispania, Amirali Nelson alikutana na manowari za Wafransa na Wahispania. Yeye alikuwa na manowari kubwa 27, wao 33. Manowari za namna hiyo ziliitwa «za safu», kwa sababu wakati wa kupigana zilijipanga moja nyuma ya nyingine, mizinga ikitazama ubavuni. Waingereza walishinda pasipo kupoteza manowari hata moja, ila Nelson mwenyewe alikufa siku ile.

Chombo chake, Victory, chafaa kitazamwe vizuri. Kilianza kujengwa mwaka 1759, kikashushwa majini mwaka 1765. Basi siku ya Trafalgar kilikuwa na umri wa miaka 40, na bado kiliongoza vita, na mizinga 104 na watu karibu 820. Namna gani chombo cha miaka 40 kiliweza kuongoza? Ni kwamba muda ule wote ufundi wa kujenga manowari haukubadilika sana: mbao ngumu, matanga, mizinga ya chuma. Manowari ya mizinga 74 ilikuwa sawa na nyingine ya mizinga 74, hata kama ya kwanza ilijengwa na baba, na ya pili na mwana. Wakati ule kuhesabu kulikuwa na maana. Na hata hivyo wenye 27 waliwashinda wenye 33, kwa sababu mabaharia wa Uingereza walikaa baharini mwaka mzima wakijizoeza, na wenzao walikuwa wamefungiwa bandarini muda mrefu. Hesabu ya vyombo haikuonyesha jambo hilo.

Vita vya Napoleon vilikwisha mwaka 1815. Mwaka 1813 watu wa jeshi la bahari la Uingereza walikuwa karibu 145,000. Mwaka 1817 walibaki karibu 19,000 tu. Lakini vyombo vingi havikuvunjwa. Vilifungwa mitoni na bandarini, milingoti imeondolewa, mizinga imeshushwa, walinzi wachache tu ndani. Katika daftari za serkali majina yake yalibaki. Aliyesoma daftari aliona jeshi kubwa. Aliyesimama pwani aliona vyombo visivyo na watu. Huo ndio mtego wa kwanza: chombo cha daftari si chombo cha baharini. Sisi tunaotunza daftari za misioni twaelewa neno hilo pasipo maelezo mengi.

Vyombo vilivyobaki baharini vilifanya kazi gani? Moja ya kazi hizo yatugusa sisi. Mwaka 1807 Bunge lilikataza biashara ya watumwa, ambayo Waingereza wenyewe walikuwa wameifanya kwa wingi sana katika miaka mia iliyotangulia. Mwaka 1808 manowari mbili zilitumwa kulinda pwani ya Afrika ya magharibi, na baadaye zikaongezwa. Kati ya 1808 na 1860 zilikamata vyombo vya watumwa karibu 1,600, na kuwafungua watu karibu 150,000. Kazi hiyo haikutaka manowari kubwa za mizinga mia. Ilitaka vyombo vidogo, vyepesi, vya kwenda mbio.

Pwani ya mashariki mambo yalikuwa vilevile. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mapatano ya kufunga soko la watumwa. Mwaka 1874 Waingereza walileta huko manowari ya zamani iliyoitwa London. Iliposhushwa majini mwaka 1840 ilikuwa ya mizinga 90, tayari kupigana na wakubwa wa Ulaya. Sasa ilitia nanga bandarini Zanzibar, ikawa nyumba na gala la mashua ndogo, na mashua hizo ndizo zilizofukuza majahazi yaliyobeba watu kwa siri. Kati ya watu waliouzwa pwani ile walikuwamo waliotoka Manyema na kandokando ya Tanganyika. Katika daftari, London ni manowari moja kubwa, na mashua hazina jina. Kwa mtumwa aliyefungwa ndani ya jahazi, mashua ndizo zilizokuwa jeshi.

II. Chuma na mvuke

Mwaka 1859 Wafransa walishusha majini Gloire, manowari ya mbao iliyovikwa deraya ya chuma. Mwaka uliofuata Waingereza walijibu na Warrior, iliyojengwa yote kwa chuma, na masini ya mvuke pamoja na matanga. Manowari za mbao zilikuwa nyingi bado, lakini tangu siku ile hakuna amirali mwenye akili aliyetaka kuzipeleka mbele ya hizo mbili. Mwaka 1871 Devastation ilishushwa majini haina matanga kabisa.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya kujaribu. Wajenzi walibadili mizinga, deraya na masini kila mara, hata ikawa shida kupata manowari tatu zilizofanana. Mzinga mpya ulitoboa deraya ya jana, deraya mpya ikazuia mzinga wa jana. Jeshi lilifanana na duka la mifano. Hapa mtego wa pili waonekana: mtu akihesabu vitu visivyofanana kana kwamba vyafanana, jumla yake haina maana, hata ikiwa hakukosa kujumlisha.

Tena mvuke ulileta utumwa mpya. Upepo haukuuzwa, makaa yaliuzwa. Manowari ya matanga iliweza kuzunguka bahari miezi mingi. Manowari ya mvuke ilirudi kwenye makaa kama mtoto kwa mama yake. Kwa hiyo Uingereza ilihitaji bandari za makaa kila pahali: Gibraltar, Malta, Aden, Singapore, na nyingine nyingi. Tangu hapo nguvu za jeshi hazikuwa katika vyombo tu, bali katika njia nzima iliyovilisha.

Mwaka 1889 Bunge lilitunga sheria mashuhuri: jeshi la bahari la Uingereza liwe na nguvu sawa na majeshi mawili yanayolifuata kwa ukubwa, yakiunganishwa. Ndiyo kusema, wakati ule, Ufaransa na Urusi. Zilitolewa paundi 21,500,000 za kujenga vyombo 70: manowari kubwa 10, kruza 42, na vyombo vidogo 18 vya kupambana na mashua za torpedo. Waliotunga sheria walitumaini kwamba wengine, wakiona hesabu ile, wangekata tamaa. Haikuwa hivyo. Ufaransa na Urusi zilizidi kujenga, na mwaka 1898 na 1900 Ujerumani nayo ilitunga sheria zake za kujenga manowari nyingi. Hesabu iliyotungwa ili kutuliza wengine iliwaamsha.

Tarehe 26 Juni 1897, kwa jubile ya malkia Viktoria, Waingereza walipanga manowari zaidi ya 160 karibu na Portsmouth, safu nyuma ya safu. Wageni wakashangaa. Lakini siku ileile kichombo kimoja kidogo, Turbinia, chenye masini ya namna mpya iliyobuniwa na Charles Parsons, kilipita kati ya safu kwa mbio, wala mashua za ulinzi hazikuweza kukikamata. Mbele ya macho ya wote, jeshi kubwa kuliko yote lilikuwa limekwisha anza kuzeeka.

III. Dreadnought na shilingi tano za wazee

Mwaka 1904 Amirali John Fisher aliwekwa kuwa mkubwa wa jeshi hilo. Aliangalia vyombo vilivyotawanyika duniani, akaona vingi haviwezi kupigana wala kukimbia. Aliondoa vyombo 154. Wengi walimlaumu: Umepunguza jeshi la mfalme! Yeye alijibu kwa matendo: mabaharia waliokaa bure ndani ya vyombo vile aliwahamisha katika vyombo vilivyofaa, na manowari nzuri akazikusanya karibu na Uingereza, kwa sababu hatari sasa ilitoka Ujerumani. Vyombo vilipungua, nguvu zikaongezeka.

Kisha alifanya neno kubwa zaidi. Tarehe 10 Februari 1906 Dreadnought ilishushwa majini. Ilikuwa na mizinga mikubwa 10 ya ukubwa mmoja, na masini ya namna ya Turbinia, hata ikapita manowari zote kubwa kwa mbio. Siku moja tu, manowari kubwa zote za dunia zikawa za zamani. Lakini ni nani aliyekuwa na nyingi za zamani? Uingereza yenyewe. Aliyekuwa mbali sana mbele alirudi karibu na mwanzo wa njia, akaanza tena na Ujerumani kando yake. Wanahistoria wamebishana sana juu ya jambo hilo. Wengi husema kwamba Fisher hakuweza kufanya namna nyingine, kwani Wamarekani na wengine walikuwa wamekwisha fikiri manowari ya namna ile. Na sisi twaona kweli: afazali mtu azeeshe vyombo vyake mwenyewe kuliko kuzeeshewa na jirani.

Basi mashindano yakawaka. Mwaka 1909 habari ilienea London kwamba Wajerumani wanajenga kwa siri na kwa haraka. Wakubwa wa jeshi walitaka manowari mpya 6. Mawaziri wengine, kama Lloyd George na Churchill, walisema 4 zatosha. Watu wa miji walipiga kelele wakitaka 8. Mwisho zikajengwa 8. Nyuma yake ilionekana kwamba Wajerumani hawakuwa wamejenga kwa haraka iliyoogopwa.

Mwaka uleule, tangu tarehe 1 Januari 1909, Uingereza ilianza kuwapa wazee maskini waliopita miaka 70 msaada wa shilingi 5 kila juma. Mambo hayo mawili, manowari na wazee, yaligonga mlango wa hazina siku moja. Tufanye hesabu. Shilingi 5 kila juma ni paundi 13 kwa mwaka. Dreadnought moja ililipiwa paundi zaidi ya 1,700,000. Kwa bei hiyo wazee zaidi ya 130,000 wangalipata shilingi zao mwaka mzima. Lloyd George alitaka kulipa yote mawili, na kwa ajili hiyo aliwatoza wenye mali kodi mpya. Mabwana wa Baraza la Juu walikataa, na ugomvi ukaendelea mpaka sheria ya mwaka 1911 iliyopunguza uwezo wa Baraza lile. Hivi manowari za Wajerumani, ambazo nyingine hazikuwapo, zilisaidia kubadili serkali ya Waingereza.

Mwisho, manowari mpya ziliacha makaa zikatumia mafuta. Mafuta hayachimbwi Uingereza wakati ule, yalitoka Uajemi. Kwa hiyo mwaka 1914 serkali ilinunua sehemu kubwa, zaidi ya nusu, ya kompani ya mafuta iliyofanya kazi huko. Badiliko la masini moja liliwaingiza Waingereza katika mambo ya Uajemi kwa miaka mingi.

IV. Vita vya 1914: kubwa na ndogo

Vita vilipoanza, kila mtu alingojea pigano moja kubwa la manowari kubwa. Lakini tarehe 22 Septemba 1914 chombo kimoja cha Kijerumani cha kwenda chini ya maji, U-9, kilizamisha kruza tatu za Uingereza kwa muda wa saa moja na kidogo. Watu zaidi ya 1,400 walikufa. Kruza tatu hizo zilikuwa za zamani, zilizobaki katika daftari na kutiwa watu kwa haraka.

Pigano kubwa lilikuja tarehe 31 Mei 1916 karibu na Jutland. Waingereza walikuja na vyombo 151, Wajerumani na 99. Waingereza walipoteza vyombo 14 na watu zaidi ya 6,000. Wajerumani vyombo 11 na watu zaidi ya 2,500. Hesabu ya waliokufa yasema Ujerumani ilishinda. Lakini Wajerumani walirudi bandarini, na bahari ikabaki imefungwa mbele yao kama jana.

Wakageukia vita vya chini ya maji. Katika mwezi wa Aprili 1917 pekee walizamisha meli za mizigo za tani zaidi ya 800,000. Uingereza, inchi isiyolima chakula cha kuitosha, ilikaribia njaa. Manowari kubwa, zile zilizogombaniwa mwaka 1909, zilikaa Scapa Flow zikingoja. Kilichookoa inchi ni kuzikusanya meli za mizigo makundi makundi na kuzisindikiza na distroya na vyombo vingine vidogo, kazi iliyoanza Mei 1917. Walihitaji vidogo vingi, na walikuwa wamelipia vikubwa.

Wakati huohuo kwetu, katika ziwa Tanganyika, somo lilelile lilifundishwa kwa mfano mdogo. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikipiga na kukiharibu chombo cha Wabeleji, Alexandre Delcommune. Tangu siku ile ziwa lilikuwa lao. Walikuwa na Kingani, Hedwig von Wissmann, na tangu 1915 Graf von Götzen, chombo cha metri 70 hivi, kilicholetwa vipande vipande kutoka Ujerumani na kuunganishwa Kigoma. Jeshi la bahari la Uingereza, lenye mamia ya vyombo, halikuwa na hata kimoja pale. Bahari yote haikusaidia ziwa moja.

Mwezi wa Juni 1915 mashua mbili za masini, Mimi na Toutou, zenye urefu wa metri 12, ziliondoka Uingereza. Zilipita Cape Town, zikapanda gari la moshi mpaka Fungurume katika Katanga. Kutoka huko zilikokotwa juu ya milima ya Mitumba na magari ya mvuke, na ng'ombe, na mikono ya watu weusi mamia waliokata miti, kufungua njia na kujenga madaraja. Zilifika Sankisia, kisha Bukama, zikashuka Lualaba mpaka Kabalo, na mwisho gari la moshi liliziletea Tanganyika, pahali pa Kalemie ya leo, mwezi wa Oktoba. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa. Graf von Götzen haikupigwa nazo. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwezi wa Julai 1916 walipoiacha Kigoma. Waingereza waliitoa majini baadaye, na tangu 1927, kwa jina la Liemba, ilibeba abiria na mizigo kwa miaka mingi sana.

Vitabu vyataja jina la mkubwa wa safari ile, Spicer-Simson, na watu wake karibu 30. Majina ya waliozikokota mashua hayakuandikwa. Anayetaka kujua nguvu za jeshi lile dogo sharti awahesabu na wao.

V. Mapatano, kisha vita tena

Mwisho wa vita, mwaka 1918, watu wa jeshi la bahari la Uingereza walikuwa zaidi ya 400,000. Lakini hazina ilikuwa tupu, na Marekani ilianza kujenga manowari ambazo Uingereza haikuweza kushindana nazo. Basi tarehe 6 Februari 1922, Washington, mataifa matano yalitia sahihi mapatano. Hayakuhesabu manowari, yalipima uzito wake: tani 525,000 kwa Uingereza na Marekani, 315,000 kwa Japani, 175,000 kwa Ufaransa na Italia. Sheria ya 1889 ilikufa pasipo mzinga kulia. Aliyetaka kuwa sawa na wawili alikubali kuwa sawa na mmoja.

Mapatano hayo yaliokoa feza nyingi, nao walioyafanya wastahili sifa. Lakini watu hupenda kupita pale palipo wazi. Manowari kubwa zilipozuiwa, mataifa yalimiminia feza zao katika kruza, kwa kuwa wingi wake haukuwekewa mpaka. Hata ikabidi kukutana tena London mwaka 1930. Wakubwa wa jeshi la Uingereza walikuwa wakisema: hatuwezi kulinda njia zetu za bahari pasipo kruza 70. Serkali ikakubali 50. Bahari haikupungua, wala njia hazikupungua. Hesabu tu ilipungua.

Mwaka 1939 Uingereza iliingia vitani na manowari kubwa 15, manowari za kubebea ndege 7, kruza 66, distroya zaidi ya 160, na za chini ya maji 60. Aliyesoma orodha hiyo alianza na zile 15. Vita vilianza na zile 7. Usiku wa 11 Novemba 1940 ndege 21 tu zilizotoka juu ya Illustrious zilipiga manowari kubwa tatu za Italia ndani ya bandari ya Taranto. Wajapani walielewa pia. Tarehe 10 Desemba 1941 ndege zao zilizamisha Prince of Wales na Repulse katika bahari ya Malaya, na watu 840 walikufa. Prince of Wales ilikuwa mpya kabisa.

Na njaa ya 1917 ilirudi, kwa sababu vyombo vya kusindikiza meli vilikuwa vichache tena. Waingereza walijenga kwa haraka korveti nyingi, kwa mfano wa chombo cha kuvulia nyangumi, ili hata wajenzi wasiozoea manowari waweze kuzijenga. Zilikuwa za polepole, nazo zilitikisika sana katika zoruba. Lakini zilikuwapo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 jeshi lilikuwa na watu zaidi ya 800,000, na manowari za kubebea ndege, kubwa na ndogo, zaidi ya 50.

VI. Chache na za bei kubwa

Manowari kubwa ya mwisho ya namna ya zamani, Vanguard, ilikamilika mwaka 1946, na mizinga iliyotengenezwa wakati wa vita vya kwanza. Haikupiga adui hata mara moja. Mwaka 1960 ilipelekwa kuvunjwa. Mwaka uleule, tarehe 21 Oktoba, siku ya ukumbusho wa Trafalgar, chombo kipya kilishushwa majini, cha kwanza cha Uingereza kwenda chini ya maji kwa nguvu za atomi. Kikapewa jina la Dreadnought.

Tangu 1968 vilifuata vyombo vinne vya chini ya maji vyenye kubeba makombora ya atomi. Sababu gani vinne, si kimoja? Hapa kuna siri ya kila jeshi la bahari. Chombo kimoja hukaa baharini. Cha pili hutengenezwa. Cha tatu kimerudi ao chajitayarisha, watu wake wakijizoeza. Cha nne ni akiba, kwani masini huharibika pasipo kuomba ruhusa. Mwenye vinne ana kimoja. Kwa namna hiyo, tangu 1969, Uingereza imekuwa na kimoja chini ya maji sikuzote. Anayehesabu vinne na kufikiri vyote vinne viko tayari, hajui anachohesabu.

Upande mwingine, ufalme ulikuwa unakwisha. Mwaka 1966 serkali ilikataa kujenga manowari mpya kubwa ya kubebea ndege. Mwaka 1968 ilitangaza kuyaondoa majeshi yake mashariki ya Suez. Mwaka 1981 waziri John Nott alikusudia kupunguza tena distroya na frigati, na kuiuzia Australia Invincible, yenye kubeba ndege. Tarehe 2 Aprili 1982 Argentina iliteka visiwa vya Falkland. Uingereza ilituma vyombo zaidi ya mia, lakini karibu nusu yake vilikuwa meli za biashara zilizochukuliwa kwa haraka. Invincible, iliyokuwa njiani kuuzwa, ilikuwa kati ya manowari mbili za kubebea ndege katika vita vile. Miezi michache zaidi, na visiwa vingalibaki na Argentina.

Waliokolewa, walakini hesabu iliendelea kushuka. Mwaka 1998 walipanga kuwa na distroya na frigati 32. Mwaka 2010 wakakata shauri zibaki 19. Distroya za namna mpya zilipangwa 12, zikajengwa 6, kwa kuwa kila moja ilizidi bei iliyotazamiwa. Mwaka 2017 na 2019 ziliingia kazini manowari mbili za kubebea ndege, Queen Elizabeth na Prince of Wales, za tani karibu 65,000 kila moja, kubwa kuliko zote zilizopata kujengwa Uingereza. Distroya moja ya leo ingeweza kuangamiza safu yote ya Nelson pasipo kuonekana. Lakini haiwezi kuwa pahali pawili siku moja. Huo ndio mtego wa mwisho: uzuri wa chombo waongezeka, bahari yabaki na upana uleule.

VII. Tujifunze nini?

Kwanza, tusikubali hesabu isiyosema imehesabu nini. Daftari na bahari ni vitu viwili.

Pili, jeshi la bahari ni jibu la woga. Mwaka 1889 Uingereza iliogopa Ufaransa na Urusi, mwaka 1909 Ujerumani, nyuma ya 1945 Urusi tena. Lakini chombo hujengwa miaka mingi na kuishi miaka mingi zaidi. Kwa hiyo jibu huchelewa sikuzote: jeshi la leo ni jibu la woga wa jana. Aliyeandika orodha ya 1939 alikumbuka Jutland. Bahari ilimwuliza habari za ndege.

Tatu, vikubwa hupendwa kwa sababu vyaonekana. Hakuna mfalme aliyepanga mashua za doria mbele ya wageni ili washangae. Walakini mashua za Zanzibar, distroya za 1917, Mimi na Toutou, korveti za 1941, ndizo zilizofanya kazi iliyokuwa lazima siku ile. Serkali changa zafaa zikumbuke neno hilo wauzaji wa silaha wanapokuja na picha nzuri.

Nne, kila hesabu ya silaha ina hesabu nyingine nyuma yake, isiyoandikwa katika ukurasa uleule. Nyuma ya manowari 8 za mwaka 1909 walikuwako wazee na shilingi zao 5. Mara nyingine inchi ni lazima ijilinde, na mwaka 1917 wala mwaka 1940 hakuna mzee wa Uingereza angalikula pasipo manowari. Lakini anayefundisha historia asiiache hesabu ya pili ipotee. Wanafunzi wakiuliza: Uingereza ilikuwa na manowari ngapi? awajibu kwa kweli. Kisha awafundishe kuuliza: za namna gani, za kazi gani, na nani alizilipa?